Bati la plastiki kwa kibanda cha nje: uliza kwanza kuhusu jua

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimesimamisha kibanda kilichoegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3, nguzo na mbao tayari. Upande mmoja tutaweka viti vya kupumzikia, upande wa pili nitaanika nguo na kukuzia miche. Nataka mwanga upite, kwa hiyo bati la chuma silitaki. Dukani nimeonyeshwa mabati ya plastiki angavu ya aina mbili. Kwa macho ni pacha, bei zimepishana mno, na muuzaji anasema yote ni plastiki, tofauti ni jina tu. Yale niliyokuwa nayo zamani yaligeuka njano, kisha yakapasuka pale palipopigwa misumari. Ninunue lipi, na la unene gani? Na je, yale ya zamani yanaweza kusafishwa yakarudia hali yake?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Muuzaji wako amekosea, ingawa simshangai. Mabati hayo yakiwa mapya, hata aliyezoea kazi hii hawezi kuyatofautisha kwa kuyatazama tu. Tofauti huanza kuonekana baada ya misimu michache ya jua, na wakati huo risiti imeshapotea.

Mtu akinunua paa huwaza mvua. Kwa plastiki, mvua ni jambo dogo, maana karatasi yoyote isiyo na tundu huzuia maji. Adui wake ni jua, nalo huja kwa njia mbili. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huvunjavunja molekuli za plastiki, na joto hulirefusha bati mchana na kulifupisha usiku, siku zote za maisha yake. Mabati yako ya zamani yalipigwa na yote mawili: njano ni kazi ya mionzi, na nyufa za kwenye misumari ni kazi ya joto.

Tuanze na kile ulichoonyeshwa. Karibu nina hakika lile la bei ya chini ni PVC na lile la bei ya juu ni polikaboneti. PVC ni plastiki ileile inayotengenezewa mabomba ya maji, ila hapa imetengenezwa iwe angavu. Ni rahisi kukata, hailiki na kemikali nyingi, na moto ukiondolewa hujizima. Udhaifu wake ni jua kali. Likiipiga mwaka hadi mwaka, PVC hupoteza klorini yake kidogo kidogo, na kinachobaki ndicho kinacholeta njano, baadaye kahawia. Tena ikivuka nyuzi 60 hivi za Selsiasi huanza kulegea. Bati lililokaa juu ya mbao nyeusi saa saba mchana hufika hapo bila shida, na ndiyo maana utaona mengine yamebonyea katikati ya mbao na mbao.

Polikaboneti ni mambo mengine. Huvumilia zaidi ya nyuzi 100 bila kulegea, na nguvu yake ya kuhimili kishindo hutajwa kuwa takriban mara 200 ya kioo cha unene uleule. Tawi likidondoka, mvua ya mawe ikinyesha, au watoto wakirusha mpira, hapo ndipo utakapoiona thamani yake. Na muuzaji akikuambia ni teknolojia mpya, mwache aseme tu. Iligunduliwa mwaka 1953, na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, kila mmoja kivyake.

Kuna mbili nyingine utakazokutana nazo. Akriliki ndiyo angavu kuliko zote, hupitisha mwanga kama asilimia 92, na kwa asili yake huvumilia mionzi ya jua vizuri sana. Lakini ni ngumu na kavu, hupasuka ukiitoboa kwa pupa, na ikishika moto huwaka kwelikweli. Kwa dirisha sawa, kwa paa la kibanda siishauri. Fiba, ile ya nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu, haikuoneshi mawingu ila hutawanya mwanga vizuri na hairefuki sana kwa joto. Uso wake ukishaliwa na jua, nyuzi hutokeza nje, hushika vumbi na kuwasha ngozi ukiigusa. Ni nzuri kwa ghala. Juu ya viti vya kupumzikia, hapana.

Kwa kibanda chako, basi, nunua polikaboneti. Lakini usiishie kwenye jina, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Polikaboneti tupu, isiyo na kinga, nayo hugeuka njano na kukakamaa. Inayodumu ni ile iliyopakwa kiwandani safu ya kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno. Safu hiyo ni nyembamba mno, kwa kawaida mikroni 50 hivi, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, lakini maisha yote ya bati yamo humo. Mabati mengi yana safu hiyo upande mmoja tu, na upande huo lazima utazame juu. Bati bora likigeuzwa kichwachini huzeeka kama la bei ya chini, na dhamana ya mtengenezaji huwa imekufa siku hiyohiyo. Dhamana nyingi za bidhaa nzuri ni za miaka 10 na hutaja mambo mawili, kugeuka rangi na kupungua kwa mwanga. Isome, kisha iweke.

Utaujuaje upande wenye kinga? Bati likitoka kiwandani huwa limebandikwa karatasi laini ya nailoni yenye maandishi, au lina kibandiko kwenye ukingo, kinachosema upande upi uelekee jua. Kabla ya kuibandua, chukua kalamu ya wino mzito uweke alama ndogo pembeni ya upande huo, kwenye kila bati na kila kipande utakachokata. Karatasi ikishatoka na vipande vikichanganyika chini, hakuna atakayekumbuka. Na ukishamaliza kuezeka, ibandue yote siku hiyo. Ikiachwa juani wiki kadhaa, gundi yake huoka na kung'ang'ania.

Dukani, omba kipande kilichobaki cha kila aina, upana wa vidole viwili hivi, ukikunje kwa mkono mpaka kiwe pembe. Polikaboneti hukunjika bila kukatika, hata ukiirudisha na kuikunja tena. PVC mara nyingi huacha mstari mweupe pale ilipokunjwa, na akriliki hukatika tap, kwa hiyo kinga macho. Wapo mafundi wanaojaribu kwa waya wa shaba: wanaupasha moto, wanaugusisha kwenye plastiki, wanaurudisha kwenye moto. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini, basi ni PVC. Jaribio hilo ni la kweli, ila moshi wake ni mkali na unachoma koo, kwa hiyo lifanyie nje au liache kabisa. Kukunja kunatosha.

Jaribio la pili ni unene. Bati linaloandikwa milimita 0.8 linaweza kuwa 0.6 ukilipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na mkono peke yake hauwezi kukuambia. Kama ni bati bapa, mizani nayo husema ukweli: mita ya mraba ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 1.2, na ya PVC karibu kilo 1.4.

La tatu ni kutazama mahali mabati yanapohifadhiwa, na hili utakuta watu wachache wakilijali. Mabati angavu yakilaliana kwa rundo juani, joto hunaswa katikati yake na halina pa kutokea. Yale ya ndani huweza kupinda au kupata ukungu mweupe kabla hayajaona paa. Ukilikuta rundo liko nje limepigwa jua, usichukue humo. Nyumbani nako yaweke kivulini, bapa, yamefunikwa kwa kitu kisichopitisha mwanga. Turubai jeusi lililogusa rundo moja kwa moja ni kosa lingine, kwani huongeza joto badala ya kulipunguza.

Sasa umbo. Kuna bati la mawimbi, kama la chuma, na kuna bati la mirija, lile bapa lenye tabaka mbili au zaidi zilizoungwa na kuta nyembamba, katikati hewa. La mirija hupunguza joto kidogo na hupunguza kelele za mvua, na ni jepesi ajabu: la milimita 10 lina kama kilo 1.7 kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa lako zima halifiki hata kilo 25. Lakini linadai ufundi. Mirija ni lazima ifuate mteremko, kamwe isikatize. Ncha ya juu huzibwa kwa utepe wa alumini usiopitisha kitu, na ncha ya chini kwa utepe wenye vitundu unaoruhusu unyevu kutoka bila wadudu na vumbi kuingia. Asiyefanya hivyo hukuta kijani ndani ya mirija baada ya muda, na humo hakuna kitambaa kinachofika. Kama fundi wako hajawahi kulifunga, mpe bati la mawimbi. Kibanda kilicho wazi pembeni hakihitaji kuhifadhi joto wala baridi, na mimi ningechukua la mawimbi bila kusita.

Unene wa la mawimbi usiwe chini ya milimita 0.8. Kwenye upepo mkali nenda 1 au 1.2. Hata hivyo unene haujitegemei. Unakwenda na nafasi ya papi, zile mbao za kulala zinazopokea bati. Bati zuri juu ya papi zilizoachana mita na nusu litapigapiga kila upepo ukivuma, na litachoka kwenye skrubu. Kwa milimita 0.8, weka papi kila sentimita 60 hadi 90 kufuatana na maelezo ya mtengenezaji, na ile ya upenuni na ile ya juu kabisa ziwe karibu zaidi na jirani zake, kwani ndiko upepo unakoingia na kuinua. Mara nyingi kuongeza papi moja ni nafuu kuliko kununua bati nene.

Kuhusu rangi, hapa nitakupinga kidogo. Umesema unataka mwanga upite, na unafikiria bati angavu kabisa kama kioo. Juu ya nguo na miche, sawa. Juu ya viti, utajuta. Polikaboneti angavu hupitisha karibu asilimia 85 hadi 90 ya mwanga, na mwanga huo ukitua sakafuni na kwenye viti hugeuka joto, ambalo bati halilirudishi nje kirahisi. Adhuhuri mtakaa humo mkikunja uso. Chukua rangi ya maziwa kwa upande wa viti. Hupitisha kama nusu ya mwanga au chini ya hapo na kuutawanya, pakawa peupe bila jua la utosini. Lile la kahawia linapendeza kwenye picha, lakini lenyewe humeza joto, hujaa moto na kukushushia kichwani, tena hurefuka zaidi. Sipendi kulifunga. Kiwanda kimoja huweza kutoa angavu na maziwa kwa wimbi lilelile, kwa hiyo yanalaliana bila tatizo. Hakikisha tu ni ya kiwanda kimoja, kwani mawimbi yakipishana hata kidogo hayakai.

Usihofu kwamba kinga ya mionzi itaidhuru miche. Mimea hukua kwa mwanga unaoonekana, wala haihitaji urujuanimno ili iote. Nguo zako nazo zitachelewa kuchujuka.

Nije kwenye kufunga, kwa sababu hata polikaboneti bora kabisa hufia hapa. Chukua bati lako la mita 3. Kila mita ya polikaboneti hurefuka kama milimita 0.065 kwa kila nyuzi moja ya joto. Alfajiri bati likiwa na nyuzi 15 na mchana likifika 60, hilo ni ongezeko la nyuzi 45, na bati zima limerefuka karibu milimita 9. Papi za mbao chini yake hazijasogea kitu cha kuonekana. Ukilipigilia misumari, bati linataka kwenda na msumari unasema hapana, na ugomvi huo hurudiwa kila siku mpaka ufa unatokea kwenye tundu. Ndicho kilichoyapata mabati yako ya awali.

Kwa hiyo hakuna msumari hapa. Toboa kwanza kwa keekee yenye ncha kali, mwendo wa taratibu, bati likiwa limeegemezwa juu ya ubao lisicheze. Tundu liwe kubwa kuliko skrubu kwa milimita 3 au 4: skrubu ya 6, tundu la 9 au 10. Safu ya katikati ya bati iwe ndiyo inayolishika lisitembee, na kuelekea ncha zote mbili tanua matundu kwa urefu wa bati, yawe ya duara refu, ili kila ncha ipate nafasi yake ya milimita 4 hadi 5. Toboa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji hupita, na weka kijazio chenye umbo la wimbi chini ya mgongo ili skrubu isiuponde. Upenuni funga kila mgongo, katikati ya paa mgongo mmoja ndiyo mmoja hapana. Skrubu iwe na washa pana ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Ile ya PVC laini iache, kwani mafuta yaliyomo ndani yake ya kuilainisha huhamia kwenye polikaboneti na kuitia nyufa ndogondogo. Kisha kaza mpaka mpira uguse na kutulia, basi. Ukiona washa imetandazika na bati limebonyea, umekaza mno. Legeza nusu mzunguko. Fundi mwenye mashine ya umeme na haraka ndiye adui wa hatua hii, msimamie.

Kibanda chako kimeegemea ukuta, na najua kitakachopendekezwa pale bati linapokutana na ukuta: udongo wa saruji. Kataa. Saruji mbichi ina ukali wa alkali unaoila polikaboneti, na pia inalifunga bati lisisogee. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 kati ya bati na ukuta, kisha funika kwa bati la chuma lililokunjwa, lililoingizwa ukutani na kulala juu ya plastiki bila kuibana. Ukihitaji silikoni, nunua isiyo na asidi. Ukifungua mrija ukasikia harufu ya siki, hiyo siyo.

Mbao zikishapakwa dawa ya mchwa au rangi, ziache zikauke kabisa kabla bati halijapanda, kwa kuwa mvuke wa viyeyushi hulidhuru. Na sehemu ya juu ya kila papi, pale bati linapogusa, paka rangi nyeupe ya maji. Mbao nyeusi chini ya bati angavu hupata moto sana, na bati hubadilika rangi kwa mistari inayofuata papi hasa. Ni kazi ya muda mfupi kabla ya kuezeka, na karibu haiwezekani baada yake.

Mteremko usiwe chini ya sentimita 10 kwa kila mita. Kwa mita zako 3, ukutani pawe juu kuliko upenuni kwa sentimita 30. Hupungui hapo, kwani maji yakisimama huacha vumbi, na vumbi huwa mwani. Kwenye kulaliana pembeni, wimbi moja na nusu linatosha. Anza kuezeka kutoka upande ambao upepo unaelekea, ukirudi kule unakotoka, ili midomo ya mabati isiuelekee. Kata mabati ya urefu kamili wa mita 3 uepuke kuunga katikati.

Jiko la mkaa au la kuchomea nyama lisiwe chini ya paa hili. Polikaboneti haiwaki ovyo, lakini hulainika na kudondosha matone ya moto.

Na mtu asilikanyage, hata likiwa jipya, hata likisifiwa kwa nguvu. Bati la chuma hukupa dalili kabla ya kuacha. La plastiki lililozeeka hupasuka mara moja, na watu wengi wameanguka kupitia mapaa angavu kwa kudhani ni imara. Lazima kupanda? Laza ubao mrefu unaovuka papi tatu, utembee juu yake.

Usafi wake ni maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa au sponji, asubuhi kabla halijapata moto. Hakuna petroli, hakuna tina, hakuna dawa ya vioo yenye amonia, hakuna brashi ngumu. Safu ile ya mikroni 50 ikikwaruzwa, hairudi.

Yale ya zamani hayatarudi. Kama njano ni uchafu na mwani, sabuni itakuonyesha ndani ya dakika chache, kwa hiyo jaribu pembe moja. Lakini kwa kuwa yalikwisha kupasuka, plastiki yenyewe imeoza, na kuyapiga msasa au kuyapaka vanishi ni kupoteza jumamosi yako. Vipande vizima vinaweza kufunika kuni chini ardhini kwa msimu mmoja au miwili. Yakianza kuachia unga na vipande vidogo ukiyagusa, yaondoe uani kabla vipande hivyo havijaingia kwenye udongo wa miche yako.